Katibu wa Mfukoni, Barabara ya Sokoine

Dar es Salaam ya mwaka 2002 simu haikufichwa. Ilivaliwa kiunoni kwenye kifuko cha ngozi, na mwenye nayo akiketi mkahawani aliitoa na kuiweka juu ya gazeti, apitaye aione. Vocha zilikuwa ghali na wengi wetu tuliishi kwa kubipu. Katika mji huo ndimo ilimoingia Nokia 9210, ile iliyoitwa Communicator, ambayo mtu akiiona mara ya kwanza aliuliza kama ni simu au kasha la miwani.

Yangu sikuinunua. Bosi wangu, mwenye kampuni ya uwakala wa forodha Barabara ya Sokoine, alirudi nayo kutoka Dubai, akaitembeza mjini majuma machache, akachoka. Gramu 244 si kitu mkononi, lakini kwenye mfuko wa kaunda suti zinavuta kitambaa mpaka kola inakaa upande. Akarudia simu yake ndogo, hii akanisukumia mimi. "Wewe ndiye mwenye makaratasi, chukua." Na kweli, simu ile haikutengenezewa mabosi, ingawa wao ndio walioweza kuinunua. Ilimfaa yule anayefuatilia mambo ya bosi.

Ikiwa imefungwa ilikuwa simu kama simu nyingine: kijiskrini kidogo kisicho na rangi na vitufe vya namba. Ukiifungua kwa urefu wake unakutana na kibodi kamili na skrini ya rangi, nukta 640 kwa 200, pana na fupi. Kulia kwa skrini kulikuwa na vitufe vinne ambavyo kazi yake ilibadilika kufuatana na ulichofungua. Hakuna kugusa kioo, hakuna kamera. Pa kusikilizia na pa kusemea palikuwa mgongoni, kwa hiyo ulibonyeza namba upande mmoja kisha ukaigeuza ndipo uzungumze. Mapokezi ya ofisi moja ya meli, kijana mwenye heshima zake alininong'oneza, "Kaka, umeishika kinyume."

Waliowahi kutumia kompyuta ndogo za Psion, kampuni ya London, waliitambua damu yake mara moja. Mwaka 1998 Psion iliungana na Nokia, Ericsson na Motorola katika kampuni ya Symbian, na mfumo wa Psion ndio uliokuwa msingi wa ule uliomo ndani ya 9210. Ndiyo maana kalenda yake haikuwa pambo. Walioianzisha walikuwa watu wa kalenda kabla ya kuwa watu wa simu.

Nami kalenda ndiyo niliyoitaka. Wakala wa forodha anaishi kwa tarehe: meli inafunga gati lini, kontena limeshushwa lini, siku za bure zinaisha lini kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kula faida ya mteja. Tulikuwa tukiandika hayo kwenye ubao wa ukutani na kwenye kaunta buku, na anayesafiri kikazi huwezi kumbebesha ubao. Sasa kila kontena lilipata mstari wake: jina la meli, jina la mteja, namba ya kontena yenye herufi nne na tarakimu saba, kisha kengele ya siku moja kabla. Namba kama hiyo kuiandika kwa vitufe vya simu ya kawaida, kitufe kimoja herufi tatu, ni adhabu. Kwa kibodi ile niliiweka simu juu ya kaunta ya forodha, nikapiga kwa vidole viwili, na karani alipoinua macho nilikuwa nimemaliza.

Karani wetu mkuu, mzee wa Tanga aliyeitunza kaunta buku yetu kwa wino wa rangi mbili, hakuikubali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo dude lako likizima, meli zitakungoja?"

Nilimwonyesha betri ya akiba. Akaguna, akarudi kwenye kitabu chake. Lakini mchana, watu wakienda kula, alikuwa akipitia mezani kwangu na kusema polepole, "Hebu niangalizie, lile la marumaru lilishushwa Jumanne au Jumatano?" Niliangalia. Akashukuru, akaenda kuandika kwenye kaunta buku.

Orodha ya majina ndiyo iliyonichekesha. Ilitaka jina la kwanza, jina la ukoo, cheo, kampuni, namba ya faksi. Ilimdhania kila mtu kuwa na kadi ya mfukoni yenye nembo. Watu wangu walikuwa Mama Asha wa Chakula, Juma Winchi, Baba Neema Lori Kubwa, na Juma mwingine ambaye sikupata kumjua kwa lingine ila Juma Mhuri. Kwenye sehemu ya cheo niliandika anakopatikana. Kwenye sehemu ya kampuni niliandika aliyenijulisha kwake, maana bandarini humpigii mtu simu bila kutaja aliyekutuma. Baada ya mwaka nilikuwa na kitabu ambacho mtu wa Nokia kule Ufini asingekielewa hata kidogo, na kila namba ndani yake ilikuwa na mtu nyuma yake.

Saa haikuleta shida. Kompyuta za ofisini zilishatuzoesha kuona 09:00 na kusoma saa tatu. Kasheshe ilikuwa Idi. Kalenda ilitaka tarehe mapema, na Idi ya kwetu inangoja mwezi uonekane. Niliiandika siku mbili mfululizo, zote na alama ya kuuliza, na usiku wa kuandamia mwezi, redio ikishatangaza, nikafuta moja. Wateja wa Lubumbashi na Bujumbura, ambao mizigo yao ilipita kwetu, walikuwa wakipiga simu siku hizo kuuliza lini malori yataondoka, nami niliwajibu kwa alama ya kuuliza ileile.

Habari za intaneti sitazirefusha. 9210 haikuwa na GPRS. Ilipiga simu ya data, na dakika zikahesabika hata ukurasa ukiwa bado unajikokota. Nilifungua barua pepe kwa nadra, jicho likiwa kwenye saa. Faksi ilinifaa zaidi, kwani miaka ile mawakala wa meli bado waliiamini kuliko barua pepe. Siku hati ya mzigo iliponifikia kwa faksi nikiwa kwenye foleni ya geti, na kuisoma kwa kuisogeza kushoto na kulia mstari kwa mstari, madereva walinizunguka kama nimefungua televisheni.

Mtetemo haikuwa nao. Msikitini au msibani ulichagua moja: iite au inyamaze. Yangu ilinyamaza, na mteja aliyenikosa alasiri ya mazishi alielewa alipoambiwa.

Kazi kubwa kuliko zote niliyoifanya juu ya kibodi ile ilikuja namba za simu za Tanzania zilipobadilishwa, katikati ya muongo ule. 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784, 0741 ikawa 0713, 0747 ikawa 0777. Hapakuwa na programu ya kubadilisha zote kwa mkupuo, angalau si kwenye simu yangu. Niliketi barazani na kuanza na A. Nilipofika kwa wale akina Juma niliwapigia kuhakikisha, na mmoja wao alikwisha hamia Mtwara, mwingine alikuwa marehemu. Jina lake sikulifuta. Namba yake niliiacha na 0744.

Mwaka 2007 Nokia ilitoa E90, ya mwisho kubeba jina la Communicator, na mwaka uleule Apple ikaleta iPhone. Nimeshatumia simu nyingi tangu hapo. Zinapiga picha, zinanionyesha njia, zinatuma pesa. Kwa kutunza tarehe na watu, 9210 inazishinda zote nilizowahi kumiliki, kwa sababu haikuwa na kingine cha kunivutia nilipoifungua. Kama simu ilikuwa ya wastani, na nzito.

Kama unayo moja kabatini na bado inawaka, usimpe fundi wa vipuri kabla hujanakili majina. Hifadhi nakala kwenye kadi yake ya MMC, kisha itoe. Tundu nyingi za kadi za SD kwenye kompyuta zinaipokea.