Chakula cha Siku Tano



Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, mama mmoja wa kigango chetu alitungoja mlangoni pa sakristia akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua: mwanawe, kijana wa miaka 18, amepata nafasi ya masomo ng'ambo. Tulidhani amekuja kwa ajili ya mchango wa nauli, tukaanza kumweleza utaratibu wa jumuiya. Akatukatiza kwa upole. "Baba, mimi nauliza, huko ni mbali kiasi gani?" Tukamhesabia saa za ndege. "Saa ameshanitajia mtoto," akasema. "Nauliza umbali."

Hatukuwa na la kumjibu, na juma zima swali hilo halikutuacha.

Tungali seminarini tuliwahi kusoma kitabu kilichokwisha kupoteza jalada kwa kupita mikono mingi. Kinaitwa I Will Try, maana yake Nitajaribu, nacho kilitoka mwaka 1965. Mwandishi wake, Legson Kayira, alikuwa mtoto wa kijiji cha Mpale, kaskazini mwa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Alisoma katika shule ya misioni ya Waskoti pale Livingstonia, na jina la kitabu ni kaulimbiu ya shule hiyo. Mwezi Oktoba 1958, akiwa na umri upatao miaka 16, maana siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa, aliazimu kwenda kusoma Marekani. Nauli hakuwa nayo. Nia yake ilikuwa kutembea mpaka Misri, na huko atafute kazi melini.

Wanaomsimulia Kayira hukimbilia mwendo wenyewe. Sisi safari hii tumekwama mahali pa kuagana. Kijana alimwomba mama yake ruhusa ya kwenda Marekani. Mama hakujua Marekani iko upande gani wa dunia. Alikubali, akauliza ataondoka lini, akamwandalia mahindi ya kula njiani. Chakula hicho kilikuwa cha siku tano. Naye mtoto hakumfafanulia zaidi, kwa kuchelea kwamba mama akiutambua umbali atamzuia. Tulipokisoma kitabu ujanani tulilipita jambo hili tukitabasamu, kwa kuwa tulikuwa upande wa kijana. Leo, tukiwa na mvi, tunaona kwamba mama yule alitoa ruhusa ya kitu kimoja na mwanawe akachukua kingine.

Siku tano zikawa miezi. Kayira alikatiza Tanganyika, akifanya vibarua ili apate chakula na mahali pa kulala, huku amebeba Biblia na kile kitabu cha John Bunyan kiitwacho kwa Kiswahili Safari ya Msafiri. Alifika Kampala Januari 1960, miezi 15 tangu atoke nyumbani. Huko, katika maktaba ya Wamarekani, alifunua orodha ya vyuo, jicho likaangukia Skagit Valley College, chuo cha mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington. Akaandika barua. Wakamkubali, wakampa na ufadhili. Akaendelea hadi Khartoum, akapata viza katika ubalozi mdogo wa Marekani, na watu wa Mount Vernon, ambao hawajapata kumwona, wakachanga nauli ya ndege. Alifika kwao Desemba 1960. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Washington, kisha Cambridge, akaandika riwaya, akafanya kazi Uingereza, na huko ndiko alikofia mwaka 2012.

Hapa ndipo tunapoguswa sisi. Zamani kidogo, katika parokia nyingine, tulimwandikia kijana mmoja barua ya utambulisho kwenda kusoma nje. Mama yake alisita. Tulikwenda nyumbani kwake jioni, tukanywa chai, tukamwambia: miaka minne ni kesho kutwa. Hatukusema uongo kuhusu hesabu. Lakini tulikwisha kuwaona wengine wakiondoka, tulijua kwamba mtoto wa umri ule huota mizizi pale anapojifunza kuwa mtu mzima, na jambo hilo tulilimeza pamoja na chai. Kijana alifaulu, akapata kazi, akaoa kulekule, na fedha alileta kila mwezi bila kukosa. Mama alipofariki, ndugu mmoja alishika simu juu ya kaburi ili kijana asikie tukisali. Upepo ulikuwa mwingi. Hatujui alisikia nini.

Tungemzuia asiende? Hata. Wala huyu wa sasa hatutamzuia. Ana kichwa chema, na nafasi yenyewe ameipata kwa jasho lake. Lakini tulikuwa na deni la umbali, na safari hii tulitaka lilipwe kabla ya ndege kuruka.

Basi Alhamisi jioni tulichukua atlasi ya ofisini, ile yenye madoa ya maji, tukaenda nyumbani kwa yule mama, tukamwambia kijana ndiye aeleze. Aliona haya mwanzoni. Kisha akaweka kidole penye mji wetu, akakisogeza polepole kuvuka Sahara, akavuka bahari, akakituliza. Akasema kwamba masomo ni miaka minne, kwamba likizo ya kwanza hatakuja kwa sababu ya nauli, na kwamba kuhusu baada ya hapo hawezi kuapa. Mama alikitazama kile kidole muda mrefu.

"Umefika," akasema. "Sasa kirudishe nyumbani, nione."

Kijana akakirudisha, njia ileile, mama akiifuata kwa macho mpaka mwisho. Kisha akainuka kwenda kuangalia jiko.

Ataondoka mwezi Septemba. Misa ya kumwombea safari njema itakuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, misa ya kwanza. Wanajumuiya wake tunawaomba wafike mapema, kwa kuwa mama ameomba wanawe wote wakae benchi moja.