Barabara ya Kale ya Wete

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, simu mkononi na ramani ndani yake, akaniuliza: "Babu, kweli hii njia ya baskeli ya Chake kwenda Wete waliigundua Wazungu?" Alikuwa amesoma kwamba ni njia ya siri, ya vilima, iliyo tulivu, inayowafaa wasiopenda magari. Sikumkaripia. Nilimwambia mama yake tu kwamba mtoto kasomeshwa kila kitu isipokuwa kwao.

Barabara ile haikuwa siri hata siku moja. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikaponea, na tangu hapo mzigo wa karafuu ukawa wetu. Njia zikaifuata karafuu, kutoka shambani hadi gatini. Hakuna aliyezichora ili zipendeze, wala ili ziwe nyepesi kwa mguu. Pemba si upande wa Makunduchi, ambako mtu hupiga pedeli saa nzima bila kutweta. Kwetu unapanda, unateremka bonde la mpunga, unavuka kijito, unapanda tena, na bahari unaiona vipande vipande baina ya minazi. Vilima vyenyewe si virefu, ila havikupi nafasi ya kupumua.

Baada ya Gombani, pale ambapo wengi tulikuwa tunashuka tukasukuma, palikuwa na banda la makuti chini ya mzambarau. Mwenyewe tulimwita Fundi, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Lini alilijenga? Dada yangu anahesabu kwa mimba zake, mimi nahesabu kwa madarasa, na hesabu zetu zinapishana miaka miwili. Na zipishane. Mimi nilimkuta pale, na baba yangu alikuwa tayari ana deni lake, limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, mstari mmoja kwa kila kiraka. Madeni yote ya Fundi yalilipwa msimu wa karafuu, au hayakulipwa.

Alikuwa na beseni la maji lililokuwa jeusi kama wino, ambamo mpira ulizamishwa hadi povu lionekane. Alikuwa na kipande cha msasa kilichokwisha makali, mkebe wa gundi ambao harufu yake ilitupendeza kuliko inavyofaa kuandika hapa, na kopo la mafuta ya nazi kwa ajili ya cheni. Spoki alizikata na kuzikunja mwenyewe. Mipira ya breki ikimalizika, alichonga mingine kutoka tairi kuukuu, ikanguruma mlima mzima ukiteremka, lakini ikashika. Phoenix ya Kichina aliiheshimu kwa sababu hubeba. Raleigh aliipenda kwa sababu haisemi, na mtu akimletea Raleigh alifuta mikono kwanza.

Ushauri wake aliutoa bila kuombwa. "Mwanangu, ukiteremka kwenye udongo mwekundu na mvua imepita, ya mbele usiiguse. Iache baskeli ijue njia, wewe kaa nyuma." Udongo wa Pemba ukilowa humwangusha hata mbuzi. Nami naweza kusema kwamba sijapata kusikia somo la fizikia lililoelezwa vizuri zaidi, hata huko nilikokuja kusomea ualimu.

Na msimu ulipofika! Shule zilifungwa, watoto wakaenda kuchuma. Kila nyumba ya njiani ilitandaza majamvi, karafuu mbichi zikaanza kubadilika kutoka kijani na wekundu hadi rangi ya hudhurungi, na ile harufu haikukufikia puani tu, ilikuchoma hadi machoni. Usiku watu walikaa mduara kwenye taa wakichambua, makonyo huku, karafuu huku. Ukipita na baskeli uliitwa kwa jina kwenye kila baraza, kwa sababu kengele yako ilijulikana. Gunia moja lilikaa kwenye karia, jingine mtu mzima akalilaza kwenye chuma cha katikati, akasukuma hadi kituo cha kununulia. Baskeli hizo hizo zilipita pia usiku wa manane bila taa, cheni imepakwa mafuta ili isipige kelele. Msomaji wa umri wangu anajua gunia lile lilikuwa likielekea wapi, na kwa nini halikuelekea kituoni.

Ikajengwa barabara ya Ole, magari ya Wete yakahamia huko, na ya kale tukaachiwa sisi. Lami ikamong'onyoka pembeni, kisha katikati. Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe, bei ikaanguka, na hakuna aliyetengeneza barabara ya karafuu isiyo na bei. Ndipo ulipopatikana huo utulivu wanaousifu leo. Watoto walijifunza kupanda baskeli katikati ya barabara kuu. Wazee walisimama njia panda wakasalimiana hadi habari zikaisha. Lakini asiniambie mtu kwamba ulikuwa utulivu mtupu. Shangazi yangu aliposhikwa na uchungu alipelekwa hospitali ya Chake kwenye karia, amekaa upande, mumewe akisukuma na jirani akimshika bega, na kwenye kila shimo walisimama. Sijamsikia akiisifu njia hiyo.

Wazungu wa mwanzo kuwaona, na mifuko yao miwili nyuma ya gurudumu, walisimama kwa Fundi. Mmoja alikatika spoki. Fundi aliitazama baskeli yenye gia kama nyumba ya nyuki, akaitazama tena, akawaambia kupitia kwangu kwamba spoki ataikunja, ila ile mitambo mingine haimhusu. Aliikunja. Wakaondoka kwenda Konde, wakapita msitu wa Ngezi ambako njia ni kivuli mwanzo hadi mwisho, wakafika kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliosimamishwa na Waingereza 1900. Ile ndiyo safari nzuri kuliko zote kisiwani, naikubali. Watu wa Makangale walikuwa wakiipanda kila siku kwenda sokoni, wala hawakuipa jina.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Umeme wa gridi ukaja chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Mwaka uliofuata bei ya karafuu ikapandishwa, na fedha ile vijana waliigeuza pikipiki. Sasa mtu mwenye safari ya nusu kilomita anaita bodaboda, kisha jioni anavaa raba akakimbie kwa ajili ya sukari. Fundi akafariki, mwanawe akaendelea kidogo na viraka vya pikipiki. Halafu wakaja wenye rangi nyekundu, wakachora alama kwenye nguzo ya banda, na barabara ikapanuliwa. Mzambarau ulikatwa pia. Deni la baba lilikwenda pamoja na mlango.

Barabara mpya ni nzuri. Anayebisha hajapata kubeba mgonjwa. Gari linafika Wete kabla kaseti moja haijageuka, kama wapo wanaokumbuka kaseti. Kinachoniudhi ni kwamba waliopima kila kona na kila mtaro hawakuona kuwa kuna mtu anayepita pale kwa miguu yake. Lami inaishia kwenye ukingo mkali, kisha mtaro. Mwanafunzi mwenye baskeli akisikia honi nyuma yake hana pa kwenda. Na wageni sasa hupakia baskeli zao kwenye gari hapo Chake, wakazishushia Konde, ndipo waanze matembezi ya utulivu.

Nilimpeleka mjukuu wangu kwa njia za ndani, zile za udongo, na mlima wa kwanza akasukuma. Amejifunza walau hilo. Kwa wanaochora barabara zitakazofuata nina ombi moja, na ningeomba lisomwe na mhandisi, si na msemaji wake: acheni mita moja na nusu kila upande, ya lami, si ya kokoto, na iendelee hata kwenye madaraja. Wenye baskeli bado tupo, na kodi tunalipa.