Mchagua Jembe si Mkulima. Mchagua Mshipi Je?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hufundishwa mapema katika shule zetu, na aghalabu maana yake hutolewa kwa sentensi moja: mtu asiyependa kazi hakosi kisingizio, na kisingizio kilicho karibu zaidi ni kifaa. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Kiganjo huko Nyeri, aliifundisha methali hiyo kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Aliifundisha nyumbani, na alipokwenda Marekani kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Oregon, aliifundisha huko pia. Aliyemfanya aitazame upya hakuwa mwanafunzi wala msomi mwenzake. Alikuwa samaki.

Samaki huyo Wamarekani humwita stilihedi, yaani kichwa cha feleji. Jina ni geni, lakini mwenye jina si mgeni kwa mtu wa Kiganjo. Ni trauti yule yule wa upinde wa mvua anayeishi katika mto Sagana, na wataalamu huwaita wote wawili kwa jina moja, Oncorhynchus mykiss. Kinachowatofautisha ni safari. Trauti wa Sagana huzaliwa mtoni, hukulia mtoni na kufia mtoni. Stilihedi huzaliwa mtoni vilevile, akakaa humo mwaka mmoja hadi mitatu, kisha huteremka hadi Bahari ya Pasifiki. Huko hula na kunenepa, na baada ya muda hurudi katika mto aliozaliwa ili atage mayai. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: kwa trauti wa Kiganjo, Sagana ndiyo dunia nzima, na akifikisha kilo moja ni wa kutajwa. Nduguye aliyeiona bahari yenyewe hurudi akiwa na kilo tatu, nne au tano, na mara mojamoja hata kumi.

Trauti hawakuwa wa Kenya tangu jadi. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, na samaki wake wakatiwa katika mto Gura. Wale wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye. Uvuvi wao ulikuwa mchezo wa walowezi. Babake mwalimu, alipokuwa mvulana kabla ya uhuru, aliwafuata wavuvi hao kandokando ya Sagana akiwabebea vikapu. Kazi yake ilikuwa kubeba, kunasua ndoana zilizoshika matawi, na kunyamaza. Ufito wa kuvulia hakuruhusiwa kuushika. Alichojua kuuhusu alikijua kwa macho.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2013, mwalimu alikwenda kuvua katika mto Deschutes, ambao hupita katika bonde lenye magenge makavu mashariki mwa Oregon. Alikuwa na ufito mwepesi wa namba 5, urefu wa futi tisa, na uzi wa mwisho usioweza kustahimili hata kilo mbili na nusu. Vifaa hivyo vilimfaa sana kwa trauti wadogo, naye aliona havina kasoro. Mvuvi mmoja aliyepita alimwambia kwamba stilihedi walikuwa wamekwisha kuingia mtoni, na kwamba ufito ule haukuwafaa. Mwalimu alitabasamu. Moyoni alisema: mchagua jembe si mkulima.

Alasiri hiyo stilihedi akashika. Ufito ulipinda hadi karibu na mkono, na mshipi ukatoka kwenye rili kwa kasi ambayo mwalimu hakuwahi kuiona. Alipojaribu kumvuta, uzi ulitishia kukatika. Alipolegeza, samaki alichukua mita nyingine thelathini. Ikawa vuta nikuvute ya zaidi ya dakika arubaini. Hatimaye samaki alifika miguuni pake, amelala ubavu. Pezi lake dogo la mgongoni, lile lililo karibu na mkia, lilikuwa zima. Samaki wa kuangulwa vituoni hukatwa pezi hilo ili watambulike. Aliye nalo ni wa mwituni, na sheria yataka aachiliwe. Mwalimu alimtoa ndoana, akamshika mkiani, akamwelekeza kinywa kwenye mkondo. Alingoja sana. Samaki hakuondoka. Alipomwachilia, aligeuka tumbo juu, akachukuliwa na maji.

Sababu yake si fumbo. Samaki anayepambana kwa muda mrefu hujaza misuli yake asidi, na hutumia oksijeni kuliko anayoweza kuvuta. Maji yakiwa na joto, kama yalivyokuwa Agosti ile, oksijeni iliyomo hupungua, na mwili uliochoka haupati nafuu. Ufito mwepesi na uzi mwembamba havikumnyima mwalimu samaki. Vilimnyima samaki uhai. Tena hakuwa wa kuliwa. Alikuwa amevuka bahari na kupanda mto ili atage mayai, na kinyume na samoni wengi wa Pasifiki ambao hutaga mara moja wakafa, stilihedi aweza kurudi baharini na kuja tena.

Majira ya baridi yalipofika, mwalimu aliamua kununua ufito mwingine. Alizunguka madukani akasoma vibandiko vya bei, na kila ufito ulisifiwa kuliko wenzake. Fedha zake zilitosha ufito mmoja na mshipi mmoja, basi. Jioni moja alimpigia babake simu na kumweleza yote, pamoja na habari za samaki aliyekufa. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Mto huo una upana gani?" mzee aliuliza.

"Mahali pengi ni mita sabini hivi, baba."

"Nyuma yako kuna nini?"

"Miti. Na nyuma ya miti, genge."

"Waingia majini hadi wapi?"

"Hadi kiunoni. Huko ni marufuku kuvua ukiwa ndani ya mashua."

"Na samaki mwenyewe hukaa juu au chini?"

"Kiangazi hupanda juu. Maji yakiwa baridi hukaa chini na hataki kusogea."

"Basi, mwanangu, mbona waniuliza habari za ufito? Niambie kwanza habari za mshipi."

Mzee huyo hakuwahi kuiona Deschutes, lakini alikuwa ameshika jambo lenyewe. Mvuvi wa pwani hufunga chubwi kwenye mshipi wake, akaurusha. Uzito wa chubwi ndio uvutao mshipi nyuma yake. Katika uvuvi wa chambo cha manyoya mambo hugeuka. Chambo ni manyoya machache yaliyofungwa kwenye ndoana, na hakina uzito wa kuvuta chochote. Mshipi wenyewe ndio chubwi: umefanywa mnene na mzito kwa makusudi, nao ndio unaokibeba chambo hadi kwa samaki. Kazi ya ufito ni kupinda chini ya uzito huo na kuurudisha kwa nguvu. Kwa hiyo samaki na mto huchagua mshipi, na mshipi huchagua ufito. Duka huanza na ufito kwa sababu ufito ndio unaong'aa.

Hapa mwalimu alikutana na mtego ambao mwanafunzi wa semantiki angeutambua upesi. Fito na mishipi hupewa namba ili vilingane. Mshipi wa namba 7 wa ufito wa mkono mmoja ni ule ambao mita tisa zake za kwanza zina uzito wa gramu 12 hivi. Namba 8 huwa na gramu 13 na nusu hivi. Lakini ziko pia fito za mikono miwili, zenye urefu wa futi 12 hadi 14, nazo huandikwa namba zizo hizo. Mshipi wa kurushia wa ufito wa namba 7 wa mikono miwili waweza kuwa na gramu 32 na zaidi. Namba ni moja, maana ni mbili, kama vile neno kaa linavyoweza kuwa kiumbe wa pwani au kipande cha makaa. Anayenunua mshipi kwa kusoma namba tu, bila kuuliza uzito wake, atarudi nyumbani na mshipi usioweza kuupinda ufito wake.

Je, mkono mmoja au miwili? Ufito wa mkono mmoja wa futi tisa na nusu au kumi, namba 7 au 8, unatosha kabisa kwa stilihedi katika mto mdogo. Sharti moja ni kwamba kuwe na nafasi nyuma, kwa maana mshipi hurushwa nyuma kwanza ndipo uende mbele. Mwalimu alikuwa na miti mgongoni. Ufito wa mikono miwili hutumia mrusho uliopewa jina la mto Spey wa Uskoti: mshipi hulazwa juu ya maji ubavuni mwa mvuvi, maji yakaushika, ufito ukapinda, na mshipi ukaondoka kwenda mbele bila kuigusa miti. Aliposimama kiunoni katika maji, ufito wa futi 13 ungemwezesha pia kuuinua mshipi juu ya mikondo ya katikati ili chambo kikatize mto polepole. Na hivyo ndivyo stilihedi anavyovuliwa, kwani mtoni hali sana. Hushawishiwa na kitu kinachopita mbele yake kwa mwendo wa kiasi.

Lililobaki ni aina ya mshipi. Mshipi wa kiskandinavia hupungua unene taratibu hadi nchani, nao hufaa kwa vyambo vyepesi vinavyopita juu ya maji ya kiangazi. Mshipi wa Skagit ni mfupi na mnene. Ulibuniwa katika miaka ya 1990 na wavuvi wa mito Skagit na Sauk katika jimbo la Washington, waliotaka kurusha vyambo vizito na kuvizamisha katika maji baridi mahali pasipo na nafasi. Mbele yake hufungwa ncha, na ncha hubadilishwa: yaweza kuelea, yaweza kuzama. Zile za kuzama huandikwa T-8, T-11 au T-14, na tarakimu hiyo ni idadi ya greni katika kila futi. Gramu moja ina greni 15 na ushei. Kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo ncha inavyozama upesi. Mwenye mishipi miwili angechukua yote. Mwenye mmoja achukue wa Skagit, kwa sababu kwa kubadilisha ncha atavua Deschutes wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi atavua mto kama Sandy, ambako stilihedi wa majira hayo hulala karibu na changarawe.

Mwalimu akanunua ufito wa futi 13, namba 7. Mshipi wa Skagit wa greni 500, yaani gramu 32 na nusu hivi. Ncha moja ya kuelea na mbili za kuzama. Uzi wa mwisho alichagua wa kustahimili zaidi ya kilo tano. Rili aliitafuta yenye breki laini na nafasi ya mita 150 za uzi wa akiba. Jino la ndoana alilibana kwa koleo ili itoke kinywani bila kurarua. Miezi yote ya baridi alijifunza kurusha, na mara nyingi mshipi ulimwangukia kichwani. Kifaa bora hakikumwondolea ujinga. Kwa hilo wahenga hawakukosea.

Septemba 2014, alfajiri, maji yakiwa bado baridi, stilihedi mwingine alishika katika Deschutes. Alikuwa mkubwa kuliko yule wa kwanza. Ufito ulipinda ukasimama hapo, na samaki akageuzwa kabla hajafika kwenye maporomoko. Hazikupita dakika kumi akawa miguuni, pezi lake la mgongoni likiwa zima. Mwalimu hakumtoa majini. Alipoifikia ndoana tu, samaki alipiga mkia mara moja, akamrushia maji usoni, akatoweka.

Tangu wakati huo samaki hao wamezidi kuwa wachache. Mwaka wa 2021 waliorejea walipungua mno hata uvuvi wao ukafungwa katika sehemu ya chini ya Deschutes, na mwalimu akauacha ufito wake ukutani kwa msimu mzima. Huo nao ni uchaguzi. Methali humshutumu anayechagua jembe ili asilime. Haimzuii mkulima kuuliza kama jembe alilonalo litaharibu shamba.

Jioni ile ya Septemba, mwalimu alimpigia babake simu.

"Ulimla?" mzee aliuliza.

"La, baba. Nilimwachilia."

Mzee alikaa kimya kidogo. "Sisi tulifukuzwa mtoni tusimguse," akasema. "Wewe waenda mbali hivyo, wamshika, wamwachilia."

"Ndivyo, baba."

"Aliondoka akiwa na nguvu?"

"Alinirushia maji usoni."

"Basi," akasema mzee, "ulichagua vizuri."