Kujifukiza na mafua ya watoto wetu

Baridi ikianza huku Uingereza, mafua hayachelewi, na simu za nyumbani hazikosi. Mama yangu yuko Tanga. Akisikia mjukuu wake anakohoa, agizo ni lile lile: "Mfukize mtoto, mwanangu. Majani ya mlimau, mchaichai, blanketi, basi." Mimi ni muuguzi, na mtoto mwenyewe ana miaka minane.

Simpuuzi mama. Nimekua chini ya blanketi hilo, na nilikuwa nikitoka pua imefunguka. Lakini kwa mtoto huyu nakataa, na ilibidi nimweleze sababu asije akaona nimesoma nikamdharau. Kilichonisaidia ni somo la binti yangu la hali tatu za maada.

Barafu ni yabisi, maji ni kimiminika, mvuke ni gesi. Kitu ni kimoja, tofauti ni joto. Kuyatoa maji kilo moja kwenye nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji kilojuli 420 hivi. Kuyageuza yote yawe mvuke kunahitaji nyingine 2,260 hivi, zaidi ya mara tano, na muda wote huo kipimajoto kinabaki kwenye 100. Joto hilo halijapotea, limebebwa na mvuke. Mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na joto lote unaliacha hapo. Ndiyo maana mvuke unaotoka kwenye mdomo wa birika huunguza kuliko maji ya nyuzi zile zile.

Nikamwambia, "Mama, mbona sufuria ya wali ulikuwa ukiifunua kwa kukwepesha uso?" Akacheka. "Sasa nani asiyejua mvuke unaunguza?"

Hapo tukaelewana. Nikamwongezea kwamba hatari kubwa zaidi ni sufuria yenyewe kupinduka mapajani, maana mtoto hatulii. NHS hapa Uingereza nayo inashauri watoto wasijifukize. Basi ndimu imebaki, ila kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na asali. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Na mtoto akiungua, iwe kwa mvuke, chai au uji, mmwagilie maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa kilichogandamana na ngozi. Mwili uliobaki ufunike asipate baridi. Usipake dawa ya meno wala mafuta, wala usiweke barafu: barafu huendelea kunyonya joto inapoyeyuka, na ngozi iliyoungua inaweza kuumia zaidi. Kisha mpeleke akaonwe. Jeraha likiwa kubwa, au liko usoni, piga simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani.

Iandikeni namba hiyo mlangoni mwa friji, hata bibi akija kuwatembelea aione.