Barabara ya Timboroa Yaipima Motokaa Kuukuu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Eldoret kwa barabara husafiri kilomita 310 hivi, naye hupita katika nchi za namna nyingi kwa siku moja. Kwanza hupanda mpaka Limuru penye baridi, ambako majani ya chai yamefunika vilima. Kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, akipita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Ndipo huingia katika joto la bondeni: Naivasha, Gilgil, Nakuru. Baada ya Nakuru hupanda tena kwa muda mrefu, akaivuka Ikweta na kufika Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa macho ya mtu ni safari ya kupendeza. Kwa motokaa kuukuu ni mtihani.

Niliuona mtihani huo nilipopewa nafasi katika pikapu ya mkulima mmoja wa viazi wa upande wa Burnt Forest, aliyekuwa akirudi kwake na magunia ya mbolea. Pikapu ile ilikuwa ya zamani, ya kabureta, na kwa miezi mingi ilikuwa na ugonjwa wa kuja na kwenda: mara yapoteza nguvu, mara yazimika kabisa, kisha baada ya kupumzika yawaka kana kwamba haikuwa na neno. Mafundi walikuwa wamekwisha kuibadilishia plagi, koili na pampu ya petroli, kila mara kwa fedha, wala haikupona. Fundi wa mwisho alitaka kuifungua injini yote. Mkulima alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa mtamba wake, na mtamba yule ndiye aliyewekwa kwa karo ya binti yake.

Pamoja nasi alikuwamo mzee mmoja, jirani ya mkulima, aliyeendesha malori kwa miaka mingi. Tulipokuwa tukipanda kukaribia Limuru, injini ikakohoa, ikavuta kwa kushtuka-shtuka, ikazimika. Mzee hakufungua spana. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akauliza, "Imekatika ghafula kama taa, au imedhoofika kidogo kidogo?"

"Imedhoofika, Mzee," akajibu mkulima.

"Basi dalili yaelekea petroli. Umeme ukikatika, injini hukatika mara moja. Lakini tusiamini dalili moja."

Hapo hapo, kabla injini haijapumzika, alichomoa waya wa plagi, akaushika kwa koleo lenye mpini wa mpira, akausogeza karibu na chuma huku mkulima akipiga stata. Cheche ikaruka, ya buluu na yenye nguvu. Akaurudisha waya, akachungulia kinywa cha kabureta na kuusukuma mkono wa mafuta. Hapakutoka hata tone. Moto upo, petroli haipo. Akafungua kifuniko cha tangi asikilize kama kitavuta hewa, maana tundu la kifuniko likiziba, petroli hushindwa kutoka. Kifuniko kilikuwa kimya. Baada ya robo saa injini ikawaka, tukaondoka.

Mkulima alisema huenda joto ndilo linaloigeuza petroli kuwa mvuke ndani ya mipira. Mzee akamwambia, "Ngoja, barabara itatujibu." Nayo ilijibu. Tulipita Mai Mahiu na Naivasha katika jua kali la mchana, na injini haikukohoa hata mara moja. Lakini tulipoanza kupanda kutoka Nakuru, na ubaridi wa Molo ukatupiga usoni, ikazimika tena. "Waona, Bwana Karani?" mzee akaniambia. "Penye joto ni nzima, penye mlima ni mgonjwa. Basi si joto. Mlimani injini hunywa petroli nyingi, na kitu fulani chamnyima mnywaji."

Tulikuwa karibu na Sachangwan. Hapo ndipo tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipopinduka, na watu zaidi ya 100 waliokuja kuchota mafuta wakafa kwa moto. Kwa hiyo mzee alikataza sigara, akangoja injini ipoe, akatoa ncha ya betri, ndipo akagusa mpira wa petroli. Aliufungua mahali unapoingia kwenye pampu, akapuliza kuelekea tangini kwa pampu ya baisikeli. Mwanzoni palikuwa pazito. Kisha tukasikia mapovu yakitokota ndani ya tangi. Injini ikawaka, ikapanda mlima kwa nguvu. Alipuliza mara moja zaidi kabla ya Timboroa.

Nyumbani tangi liliteremshwa. Ndani yake mlikuwa na magamba ya kutu na kipande cha kitambaa. Mlimani, petroli inapovutwa kwa nguvu, takataka hizo hukimbilia kinywa cha bomba na kukiziba. Injini ikizimika, mvuto hukoma, nazo huanguka chini. Ndiyo sababu ya ugonjwa kuja na kwenda. Tangi lilioshwa, chujio likawekwa jipya, na mtamba akabaki zizini.

Msomaji mwenye motokaa ya namna hii na ajue kutofautisha mambo mawili. Hewa ya Timboroa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza huko karibu robo ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Udhaifu huo hauna kukohoa wala kuzimika. Ni wa mlima, wala hakuna fundi wa kuuponya. Udhaifu unaokuja na kwenda ni wa motokaa. Huo andika katika daftari: ulitokea wapi, panapopanda au tambarare, kwenye joto au baridi, ghafula au polepole. Mpe fundi daftari hilo kabla hujampa fedha.