Kisu Kikuukuu kwa Swahiba Yangu

Ndugu zangu wa Tanga, na kila azisomaye barua hizi, leo nawaandikia nikiwa na uchungu moyoni. Nilimpigia simu swahiba yangu wa Ngamiani, seremala mnayemjua, tuliyekua naye mtaa mmoja, nikamwarifu kwamba namletea kisu changu cha kukunja, maadamu mikono yangu siku hizi imezoea kalamu kuliko randa. Naye, baada ya kunyamaza kitambo, akaniuliza kwa upole kama nimekosa kipya, chenye kasha lake. Simlaumu peke yake, kwani najua wengi wenu mngeuliza vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo jawabu langu nalileta hadharani.

Kisu chenyewe ni Opinel, ambacho hapa Chambéry, Ufaransa, na katika milima yote hii ya Savoie, utakikuta mfukoni mwa mkulima, mwa fundi, na mwa mzee aendaye msituni kuchuma uyoga. Aliyekianzisha mwaka 1890 ni Joseph Opinel, kijana wa ukoo wa wahunzi waliokuwa wakifua mashoka na miundu katika bonde la Maurienne, na mwaka 1897 akavipanga visu vyake kwa nambari, kutoka 1 hadi 12, kwa kadiri ya ukubwa. Changu ni nambari 8, ambacho bapa lake hutoka kiwandani likiwa na sentimita 8.5. Hakina madaha: mpini wa mti uitwao hêtre, bapa la chuma lenye chapa ya mkono uliovikwa taji, msumari mmoja wa kuvishikanisha, na ile pete iliyobuniwa mwaka 1955, ambayo ukiizungusha bapa haliwezi kujikunja likakukata vidole. Pete za visu vilivyotengenezwa tangu mwaka 2000 hulifunga bapa hata likiwa limekunjwa. Ya kwangu haijui hilo, na hapo mtaukisia umri wake.

Nilipewa na mzee seremala niliyefanya naye kazi, siku alipostaafu. Bapa limekonda kwa kunolewa, na rangi yake si ya chuma kipya, bali kijivu kilichokolea, chenye madoa ya buluu na weusi yaliyoachwa na matofaa na malimau ya miaka na miaka. Na pale gumba linapokaa mpini umelika hata gumba la mtu mwingine likiwekwa hapo hujiona limepata mahali pake. Adhuhuri, katika karakana yetu, kila fundi hutoa kisu chake mfukoni, akakata mkate na jibini, akalifuta bapa kwa kipande cha mkate, akakila kile kipande, akakunja kisu. Hapana aonaye haya kwa ukuukuu wa chombo chake. Kinachomtia mtu haya ni makali butu. Yule mzee hakukifunga kisu katika karatasi ya kumetameta. Alinitia mkononi mbele ya wote, nao wakanipa mikono mmoja mmoja kama watu waliohudhuria nikahi.

Sasa niambieni, ndugu zangu mnaodamkia mnadani kuchagua shati la mtumba, mkalivaa na mkapendeza kweli kweli, kwa nini kitu kilichotumika kiwe halali mkikinunua kwa mtu msiyemjua, ilhali mkipewa na mtu awapendaye kiwe dharau? Hatukuwa hivi. Omani hata leo jambia hurithiwa na mwana kutoka kwa baba, na kwetu mbuzi ya kukunia nazi aliyoikalia bibi ilikaliwa na mjukuu wake, naye hakuona kwamba ametunukiwa taka. Leo tunalipenda kasha kuliko kilichomo. Tunanunua kisu rahisi ambacho mpini wake huchomoka kabla ya mwezi kuandama mara ya pili, tunakitupa, tunanunua kingine mfano wake, na yule mnoaji apitaye mitaani na baiskeli yake, akakanyaga pedali na kuzungusha jiwe lake, tunamwacha arudi nyumbani mikono mitupu. Huo ni ufukara tunaoununua kwa fedha zetu wenyewe, na unanisikitisha.

Basi, swahiba, sikia namna ya kukitunza. Chuma chake ni cha kaboni, na upepo wa bahari yetu utakitia kutu upesi, kwa hiyo kila ukimaliza kazi kipanguse kikauke, kisha kipake tone la mafuta ya nazi. Usikiloweke majini kamwe, kwani mpini huvimba ukalibana bapa. Likikwama, gonga kitako cha mpini juu ya meza, kama wafanyavyo watu wa Savoie, nalo litachomoza. Kinoe polepole juu ya kinoo chenye maji, ukililaza bapa karibu na jiwe. Nanyi mtakaosafiri na visu vya namna hii, vitieni katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege, si katika mkoba wa mkononi. Na huku Ufaransa msitembee navyo bila sababu ya haki, kwa maana sheria yao huhesabu kisu kuwa silaha, na askari atawauliza mnakwenda nacho wapi.

Kuna pia mila ya huku ambayo nataka tuitimize. Mtu akipewa kisu na rafiki humrudishia sarafu, japo ndogo, ili kisu kihesabiwe kimenunuliwa na makali yake yasiukate urafiki. Nami nilimpa yule mzee sarafu yangu. Binamu yangu atakayekuletea ameagizwa apokee kwako sarafu ya shilingi 100 kabla hajakikabidhi, naye atairudisha kwangu niipeleke kwa yule mzee, ambaye ameniuliza si mara moja kama huyo seremala wa Tanga anatengeneza milango au vitanda, nami nimemwambia vyote viwili.