Kodi ya Mtu Aliyetoka Mbali

Nilirejea Mtwara mwaka 2014, baada ya kufanya kazi ya udereva Maskati kwa miaka tisa. Nilikuwa na masanduku mawili, mama mzee aliyekuwa akiishi katika chumba kinachovuja, na akiba ndogo niliyoikusudia iwe mtaji wa duka. Nilidhani kupata nyumba ya kupanga ni jambo la siku tatu. Lilikuwa jambo la miezi mitatu.

Mji ulikuwa umelewa tumaini. Gesi ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay, karibu na mlango wa mto Ruvuma, tangu mwaka 1982. Sasa bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikuwa likijengwa, na kila mwenye chumba alingoja neema. Shangani kodi zilitajwa kwa dola. Magomeni na Chikongola, kimbilio la wenye kipato kidogo, zilipanda kwa kuigana. Wenye nyumba walidai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali alitaka ujira wa mwezi mmoja. Kwa hesabu hiyo duka langu lingekufa kabla ya kuzaliwa.

Siku moja nilimtuma jirani kuulizia nyumba niliyokuwa nimekwisha kuiona. Yeye alitajiwa karibu nusu ya bei yangu. Dalali hakuona haya kunieleza: "Kaka, wewe si umetoka Uarabuni?"

Nilikasirika usiku kucha. Kulipopambazuka hasira ilinigeukia mwenyewe. Nani aliyewafundisha watu kuwa Uarabuni fedha huokotwa? Kila nilipokuja likizo niligawa kanga, manukato na tende. Sikumwambia hata mama kuwa tulilala watu sita chumba kimoja, wala kuwa nauli na zawadi vilikuwa vya mkopo. Bei niliyotajiwa ilijengwa juu ya uongo wangu.

Mji huu uliwahi kuonja utajiri wa namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga. Bandari ya kina kirefu ikajengwa, na reli ikaelekezwa Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na baadaye reli iking'olewa.

Mwishoni nilikwenda Mikindani kwa mama mmoja mtu mzima, mwenye vyumba viwili vya kupangisha. Aliponiuliza nimechuma nini ugenini, nilimweleza kweli yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, kijana wangu naye yuko huko. Kumbe ndivyo mnavyolala?"

Alikubali nilipe kwa miezi mitatu mitatu, na mama yangu akapata paa lisilovuja. Lakini usiku ule wa kwanza nilimsikia mwenye nyumba akitembea uani mpaka alfajiri. Sijui ni nani kati yetu aliyelipa zaidi. Ninalojua ni kuwa arudiye kwao na sifa za uongo hulipa kodi mbili, na ya pili huwaangukia hata wasiokuwa na deni.